Barua kwa mwanangu: hao wanaozungusha nyimbo zako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na naona umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Unasema nyimbo zako mbili zinazungushwa na watu wasiokulipa hata senti, na mmoja ulikuwa bado haujakamilika. Unasema pia kwamba kampuni inayotaka kukusaini imeahidi kuwasaka wanaozisambaza na kuwaburuta mahakamani. Ndipo ukaniuliza, kwa kuwa mimi ni wa kizazi kilichoanza kupakua muziki bure: je, ule ulikuwa wizi, na je, uwaachie hao wakupiganie?

Nianze na la wizi, maana ndilo jepesi. Kunakili kazi ya mtu na kuisambaza bila idhini yake ni kuvunja hakimiliki, na sheria inakataza. Lakini hata majaji hawakukubali kuliweka kosa hilo kapu moja na uporaji. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya santuri za Elvis Presley zilizotolewa kwa magendo, ikasema sheria ya mali ya wizi haihusiki hapo, kwa kuwa mwenye hakimiliki hakunyang'anywa kitu. Kwa hiyo ni kosa, ila ni kosa la aina yake, na anayelipachika jina la ujambazi mara nyingi ana bili mfukoni anayotaka kukuletea.

La pili ndilo refu, na inabidi nikueleze tulivyokuwa.

Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao walikuwa wametengeneza MP3, njia ya kubana sauti kwa kutupa yale ambayo sikio halitayakosa. Dakika moja ya sidii ilihitaji kiasi cha megabaiti 10; ikibanwa inabaki kama megabaiti moja. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, akazindua Napster, programu ya watu kugawana nyimbo kwa mtandao. Muziki haukukaa kwenye seva zake, ulikaa ndani ya kompyuta za watu. Seva zilitunza orodha tu: nani yuko hewani sasa hivi, na ana nyimbo gani.

Unaandika jina la wimbo, inakuja orodha ya watu usiowajua, unamchagua mmoja ambaye laini yake inaonekana ina kasi, kisha unakaa unatazama asilimia zikipanda. Tulikuwa tunatumia modemu za laini ya simu. Wimbo wa dakika nne ungeweza kula robo saa na zaidi, na mtu akinyanyua mkonga wa simu chumba cha pili, kazi yote imekwisha kwenye asilimia 93. Au yule wa upande wa pili anazima kompyuta yake akalale. Unaanza upya kwa mwingine, unapakua mpaka mwisho, unakuta jina limeandikwa ovyo, mwimbaji siye, na wimbo unakatika katikati ya kiitikio. Hii nakueleza ili ujue kwamba haikuwa raha ile watu wanayoisimulia siku hizi. Watu walivumilia hayo yote kwa sababu dukani palikuwa na usumbufu mkubwa zaidi: ukitaka wimbo mmoja, ununue sidii nzima.

Na bei ya sidii haikupanda kwa bahati mbaya. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizibana kampuni tano kubwa za kurekodi kwa ajili ya mtindo wao wa kuwanyima fedha za matangazo wenye maduka waliothubutu kutangaza bei ya chini. Tume ilikadiria kwamba wanunuzi walilipishwa zaidi kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 480 katika miaka mitatu hivi. Kampuni zikaahidi kuacha, bila kukiri kosa. Kwa hiyo waliposimama kutuhubiria uaminifu, hatukuwa na masikio ya kuwasikiliza.

Lakini si kila aliyelalamika alikuwa tajiri anayelinda faida yake. Mwaka 2000 bendi ya Metallica iligundua kwamba wimbo wao ambao haujakamilika, kama huo wako, umeshaanza kupigwa redioni. Wakaishtaki Napster. Mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, akaenda mwenyewe kwenye ofisi za Napster na makasha ya karatasi yenye majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji waliokuwa wakigawana nyimbo zao. Alichekwa na kuzomewa mno. Mimi sikumcheka, hata wakati ule. Bendi hiyo ilikuwa imepanda kwa mashabiki kubadilishana kanda, na kwa miaka mingi iliwaruhusu watu wairekodi ikiwa jukwaani. Hawakuwa wachoyo. Walichokasirikia ni kwamba safari hii hakuna aliyewauliza. Mwenye kazi ana haki ya kusema wimbo umekamilika lini na utoke lini, na hilo ndilo jeraha lako wewe pia, nadhani, kuliko hizo senti.

Kampuni za kurekodi nazo zilikuwa zimeishtaki Napster. Katika kesi yao hiyo Napster ilishindwa katika rufaa Februari 2001, na ile orodha ndiyo iliyoizamisha: asiyekuwa na orodha angeweza kusema hajui nani anafanya nini, wao walijua. Julai mwaka huo huo mitambo ikazimwa. Kichekesho ni kwamba Bertelsmann, kampuni mama ya BMG, kampuni ya kurekodi iliyokuwa miongoni mwa washitaki, ilikuwa imeshaanza kuikopesha Napster fedha.

Hapo makumi ya mamilioni ya wasikilizaji walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, wanajulikana wanapenda nini. Kampuni zilipata nafasi ya kuwauzia. Zikaja na huduma mbili, Pressplay na MusicNet, Desemba 2001. Kila moja ilikuwa na nyimbo za baadhi ya kampuni tu, kwa hiyo mtu alitakiwa ajue kwanza mwimbaji wake amesainiwa na nani, jambo ambalo hakuna msikilizaji analijua wala kulijali. Na kwa MusicNet, wimbo uliopakua unakoma kucheza baada ya mwezi. Unalipa, halafu unanyang'anywa. Watu wakahamia Kazaa na programu nyingine zisizo na orodha ya katikati, na hizo zikawa ngumu zaidi kuzizima.

Basi waliposhindwa kuwauzia, wakaamua kuwashtaki. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu ndicho hao wa kwako wanachokuahidi.

Septemba 2003 chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, RIAA, kilifungua kesi 261 kwa siku moja dhidi ya watu wa kawaida. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka 12 huko New York. Mama yake akalipa dola 2,000 yaishe. Sheria ya kule inaruhusu fidia kuanzia dola 750 hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa, bila mdai kulazimika kuonyesha hasara aliyoipata hasa. Kwa mzigo wa namna hiyo kichwani, wengi walilipa elfu kadhaa na kunyamaza. Mama mmoja wa Minnesota alikataa. Nyimbo zilizobishaniwa zilikuwa 24. Mwaka 2007 wazee wa baraza walimtoza dola 222,000. Kesi ikarudiwa 2009, ikawa dola milioni 1.92, yaani 80,000 kwa wimbo mmoja, hadi jaji mwenyewe akashtuka na kushusha hadi 54,000. Ikarudiwa tena, milioni moja na nusu. Mwisho, mwaka 2012, mahakama ya rufaa ikarudisha zile 222,000 za mwanzo. Miaka inapita, mawakili wanalipwa, na huyo mama hakuwa na uwezo wa kulipa hata robo yake.

Hadi RIAA inatangaza mwishoni mwa 2008 kwamba inaachana na mtindo huo, watu wapatao 35,000 walikuwa wamefikiwa na kesi hizo au vitisho vyake. Kupakua hakukukoma. Sidii ziliendelea kuporomoka. Na kwa wengi, jina la kampuni za muziki lilibaki ni lile la watu walioshtaki watoto. Wewe hata jukwaani hujazoeleka, mwanangu. Hao wanaozungusha wimbo wako ndio watu pekee wanaokujua. Kabla ya kukubali wapelekewe barua za mawakili zenye jina lako juu, fikiri watakuja kwenye onyesho lako la kwanza akina nani.

Kilichopunguza upakuaji, kwa jinsi nilivyoona, ni urahisi. Aprili 2003 Apple ilifungua duka la iTunes: nyimbo kiasi cha 200,000 za kampuni zote tano kubwa, senti 99 kwa mmoja, bila kulazimishwa kununua albamu. Zaidi ya nyimbo milioni moja ziliuzwa katika wiki ya kwanza. Wakati ule ule muziki huo huo ulikuwa bure Kazaa. Baadaye, 2008, Spotify, huduma ya kusikiliza muziki moja kwa moja mtandaoni, ikaanza huko Ulaya, na vijana waliokuwa wakijaza diski zao mafaili ya magendo wakaacha wenyewe. Kusikiliza kulikuwa kwepesi kuliko kupakua. Hakuna mahakama iliyofanya hivyo.

Sasa kuhusu kampuni yako. Mimi sina chuki na kampuni za kurekodi. Studio ina gharama, matangazo yana gharama, na kuna watu ndani yake wenye masikio mazuri kuliko yetu. Ila umeniambia watakupa fedha za kutanguliza na wewe ukaandika kama zawadi. Siyo. Chukulia wamekupa 50,000 na fungu lako ni asilimia 15. Hizo 50,000 hazikatwi kwenye mapato yote ya muziki wako, zinakatwa kwenye hizo 15 zako. Mauzo yafike zaidi ya 333,000 ndipo uone senti ya kwanza, na wao wakati huo wameshakusanya zaidi ya 283,000. Mikataba ya zamani ilikuwa pia na makato ya santuri zitakazovunjika njiani, na kifungu hicho kikaendelea kuonekana katika mikataba ya wasanii enzi ambazo hakuna santuri ya kuvunjika.

Kuna kesi nyingine ningependa uijue. Watayarishaji waliomrekodi Eminem mwanzoni walikuwa na mkataba unaosema: rekodi ikiuzwa, wapate asilimia kati ya 12 na 20, rekodi ikitolewa kwa leseni kwa mtu mwingine, wapate nusu. Nyimbo zilipoanza kupakuliwa iTunes, kampuni ikawalipa lile fungu dogo, ikidai ni mauzo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba makubaliano na Apple yalikuwa leseni. Fungu ni nusu. Ona ujanja ulivyo: msikilizaji anaambiwa wimbo si mali yako, umepewa ruhusa tu; msanii anaambiwa wimbo umeuzwa, chukua kidogo chako. Vijana wa Napster hawakuzifikia kampuni hizo kwa kula jasho la msanii, na kampuni zililila kwa saini yake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa kuwa umeuomba. Wimbo uliovuja, umalize na uutoe wewe, kwa jina lake sahihi, mahali penye kusikika kirahisi. Toleo bovu litajifia. Mtu akiuweka mahali kwa kujipatia fedha za matangazo, huyo mwandikie uondolewe, na hapo usimwonee haya. Mashabiki waache.

Malipo ya kusikilizwa mtandaoni usiyawekee matumaini makubwa mwanzoni. Fedha zinaingia chungu kimoja na kugawanywa kwa hesabu ya nani amesikilizwa mara ngapi, si kwa hesabu ya shabiki wako alimsikiliza nani. Tangu 2024 Spotify haihesabu malipo ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12. Wanaoanza ndio wanaoachwa nje hapo, na sijasikia kampuni kubwa ikilia kwa ajili yao.

Masta zako, yaani rekodi zenyewe, usiziuze moja kwa moja. Wakizitaka, wape kwa miaka inayohesabika, kisha zirudi kwako. Kifungu cha kuwasaka wasambazaji kiandikwe kwamba hakuna msikilizaji atakayeshtakiwa bila idhini yako ya maandishi, na gharama za mawakili zisiingizwe kwenye deni lako. Wakikataa hilo la pili utajua ahadi yao ya kukupigania ilikuwa inalipwa na nani.

Na kuna jambo hukuliuliza. Wimbo una haki mbili: ya rekodi, na ya utunzi, yaani maneno na melodia. Umesema ule wa pili mliutunga watatu usiku mmoja, na yule wa gitaa ndiye aliyeleta kiitikio. Mmeshaandika nani ana asilimia ngapi? Kaeni wiki hii, karatasi moja, majina matatu, saini tatu, kila mmoja abaki na nakala yake, kabla hamjampelekea mtu yeyote wimbo huo.

Mama yako