Tolueni: ogopa mvuke kwanza

Ukiingia maabara au karakana ya rangi, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na tolueni. Ni kimiminika kisicho na rangi, inanuka kama thina (na thina nyingi huwa nayo ndani), na inayeyusha gundi, rangi na hata mpira. Viwandani hutengenezewa benzini (kemikali jamaa yake, si petroli) na baruti ya TNT.

Wageni wengi huhofia isiwamwagikie. Ni kweli inaondoa mafuta ya ngozi na kuikausha, ila mimi naogopa zaidi mvuke wake. Ukisikia inachemka kwenye nyuzi 111 za Selsiasi, utadhani ina subira. Wapi! Kwenye nyuzi 4 tu tayari inatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Na mvuke huo ni mzito mara tatu kuliko hewa: unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakuta cheche chumba cha pili, kisha moto unaufuata hadi kwenye chombo chako. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Kumimina ndiko kunakohitaji utulivu. Tolueni ikitiririka huzalisha umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya kwa msuguano, na cheche moja inatosha. Unganisha pipa na ndoo kwa waya, pipa nalo liunganishwe na ardhi. Banio la waya liume chuma kitupu. Likikaa juu ya rangi au kutu, ni pambo tu. Mimina polepole, mdomo wa bomba ukifika karibu na kitako cha ndoo. Ndoo ya plastiki iache.

Glavu nyembamba za nitraili (aina ya mpira wa kutengenezwa) ni za kukinga matone tu. Zikilowa, vua papo hapo. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo, tafuta yenye kichungi cha mkaa. Wala usipime hewa kwa pua, maana pua huzoea haraka. Kichwa kikianza kuuma, au ukajiona kama umelewa, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Utaambiwa ni salama kuliko benzini. Kwa upande wa saratani, sawa, benzini ndiyo inayojulikana kuisababisha. Kwa moto na ubongo, hakuna nafuu ya kujivunia.

Vitambaa vilivyolowa viweke kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Mabaki usimwage kwenye sinki: tolueni huelea juu ya maji, na mvuke wake utasafiri na mfereji mzima.