Barua kwa mwanangu: ile nyumba ya Cairo, Illinois

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza jana usiku baada ya kutoka kazini, nikaona bora nikuandikie manake mambo yenyewe marefu na kwa simu tutakatizana. Umeniuliza mawili. La kwanza ile nyumba uliyoiona kwenye mtandao pale Cairo, Illinois, ya matofali, vyumba vinne, bei haifiki hata ya gari lako, je ununue? La pili, ambalo mimi ndo limenikaa kichwani zaidi, ukasema "Mama, nimeangalia ramani, mji umekaa kati ya mito miwili mikubwa, reli ipo, barabara kuu ipo, sasa watu wameenda wapi?"

Nyumba tutaifikia baba, tuanze na ramani kwanza, kwa sababu hiyo ramani inadanganya watu tangu zamani.

Mimi Cairo naenda kila wiki kwa wazee ninaowahudumia. Ukitoka huku Carbondale ukashika barabara ya 51 kwenda kusini, vilima vinaisha polepole, nchi inakuwa bapa, mashamba ya mahindi na soya kulia na kushoto, alafu mbele yako linatokea tuta kubwa limekata njia na barabara inapita chini yake, na juu ya hilo tundu kuna geti la chuma limening'inia. Geti hilo liliwekwa 1914. Mito ikifura wanaliteremsha, wanaziba barabara, na mji wote unabaki ndani ya matuta, maji nje kila upande. Kila nikipita chini yake huwa nalitazama. Watu wa pale wamelizoea, hawaliinulii hata macho.

Ukiuvuka mji mpaka mwisho unafika Fort Defiance, ile ncha ambapo Ohio inakutana na Mississippi. Ukisimama pale unaona maji ya rangi mbili yanakwenda sambamba, ya Mississippi yana tope na ya Ohio yameelekea kijani, na yanakwenda hivyo kitambo kirefu kabla hayajachanganyika. Na hapo Ohio ndo inaleta maji mengi zaidi ingawa jina linaloendelea hadi baharini ni la Mississippi. Ng'ambo hii Kentucky, ng'ambo ile Missouri. Wewe uko Illinois, jimbo la Chicago, lakini Chicago yenyewe iko kama kilomita 600 kaskazini, na Cairo iko kusini kuliko hata Richmond kule Virginia, makao makuu ya wale waliopigana vita ili utumwa ubaki. Liweke akilini hilo la kusini.

Sasa mtu yeyote akiiona hiyo ncha atasema hapa patakuwa na jiji. Walisema hivyo tangu 1818, wawekezaji wakaja wakashindwa, wakaja wengine miaka ya 1830 wakashindwa pia, mafuriko yakiwafukuza, mpaka reli ya Illinois Central ilipofika miaka ya 1850 ndo mji ukashika. Vita hivyo vya utumwa vilipoanza 1861 Jenerali Grant wa jeshi la kaskazini akaweka kambi pale, ukishika hiyo ncha umeshika mito yote miwili. Na watumwa waliokuwa wanatoroka kusini wakawa wanafikia pale pale, wengi wakabaki, ikawa baadaye zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu wa mji ni mweusi. Pesa zikaja. Yale majumba makubwa uliyoona kwenye picha pale Washington Avenue, yenye safu za miti ya magnolia mbele, ni ya wafanyabiashara wa wakati huo. Sensa ya 1920 ilikuta watu 15,203. Sensa ya 2020 imekuta 1,733. Yaani katika kila watu tisa wamebaki kama mmoja.

Walikwenda wapi? Sababu ya kwanza wewe mtoto wa Pwani utaielewa haraka. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa anasimulia Kilifi ya feri, kabla ya daraja la 1991, watu walivyokuwa wanaishi kwa zile gari zilizopanga foleni, korosho, madafu, chai? Daraja likaja, gari zikapita moja kwa moja. Cairo iliishi hivyohivyo lakini kwa ukubwa wa kutisha, manake mabehewa ya treni yalikuwa yanavushwa mito kwa boti, na kila kinachovushwa kinataka vibarua, maghala, hoteli, makarani. Daraja la reli la Ohio likafunguliwa 1889, mwaka 1905 likajengwa jingine la reli pale Thebes, juu zaidi kwenye Mississippi, treni zikaanza kuupita mji kando. Madaraja ya magari yakaja 1929 kwa Mississippi na mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa Ohio. Mwisho barabara kuu ya 57 ikavushwa 1978 pembeni kabisa, dereva wa lori leo anaruka kutoka Illinois kuingia Missouri hajaona hata duka moja la Cairo.

Na mizigo ya majini bado ipo tele! Hilo ndo linaloniuma. Juu ya Cairo, kwenye Ohio, matishari yanafungwa kama 15 kwa boti moja kwa sababu yale malango ya maji mtoni hayapitishi msururu mkubwa zaidi, lakini kuanzia Cairo kushuka mpaka New Orleans hakuna lango hata moja, kwa hiyo wanayafunga upya, 30, hata 40 pamoja, yanashuka. Utayaona yamejipanga ukingoni, nafaka, makaa, mawe. Yanabadilishiwa pale pale mbele ya mji, na mji hauna bandari ya maana ya kula katika hicho kipato. Serikali ya jimbo imeahidi mamilioni ya dola za kujenga bandari mpya, na watu wa pale wameishikilia hiyo ahadi kwa mikono miwili, nami nawaombea.

Lakini Salim, madaraja peke yake hayafukuzi watu kiasi hicho. Kuna miji mingi ya mtoni ilipoteza boti ikaishi. Cairo iliwakataa watu wake yenyewe, na mimi nakuambia hivi kwa sababu wazee ninaowaogesha na kuwapikia ndo waliokataliwa.

Mwaka 1909 umati wa maelfu ulimuua William James, mtu mweusi, hadharani katikati ya mji. Miaka ya sitini mwanzoni vijana weusi wakadai kuingia bwawa la kuogelea la mji, akiwemo John Lewis aliyekuja kuwa mbunge maarufu, na wenye bwawa wakaona bora walifunge kabisa kuliko watoto weusi na weupe waogelee maji mamoja. Kuna bibi namhudumia, wakati ule alikuwa mtoto, ananionyesha kwa kidole lilipokuwa. Watoto wa mji uliozungukwa na maji hawana pa kuogelea. Mwaka 1967 askari kijana wa miaka 19, Robert Hunt, yuko likizo, akakutwa amekufa ndani ya seli ya polisi, wakasema kajinyonga, watu weusi hawakukubali, mji ukawaka. Kufikia 1969 wakaunda United Front, umoja wao wa kudai haki, mchungaji Charles Koen akiwaongoza, wakagoma kununua katika maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri. Mgomo ukaenda miaka. Usiku risasi zilikuwa zinapigwa kuelekea Pyramid Courts, nyumba walizokaa familia za weusi. Na wenye maduka, wengi wao, wakachagua kufunga duka kuliko kumweka msichana mweusi mmoja kwenye kaunta. Weupe wakahama, weusi wenye uwezo wakahama, kati ya 1960 na 1970 peke yake mji ukashuka kutoka watu 9,348 hadi 6,277. Kwa hiyo ukipita Commercial Avenue leo ukaona viwanja vitupu na kuta zimebaki bila paa, usidhani ni mafuriko. Matuta hayo yamezuia maji zaidi ya miaka mia.

Hata 2011, maji yalipopanda kuliko wakati wowote na watu wakaamriwa watoke, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kililipua tuta la Birds Point upande wa Missouri usiku wa tarehe 2 Mei ili Cairo ipone. Ikapona. Mashamba kama hekta 53,000 yakazama, na ndani yake kijiji cha Pinhook, kidogo sana, cha wakulima weusi, kikafutika. Hilo likitajwa Cairo watu wanashukuru na wanainamisha kichwa hapohapo, manake walijuana.

Alafu 2017 serikali kuu ikatangaza kufunga Elmwood na McBride, nyumba za umma za tangu miaka ya 1940, zilizoachwa zikaoza, panya, mabomba, hita hazifanyi kazi. Familia karibu 185 zikapewa vocha za kusaidia kulipa kodi ya nyumba zikatafute kwingine, na ndani ya mji hapakuwa na pa kupanga, kwa hiyo wakatoka, na watoto wakatoka na shule ikapungua. Duka la vyakula lilikuwa limefungwa tangu 2015, hospitali tangu miaka ya themanini. Duka la ushirika, la wanachama wenyewe, lilifunguliwa 2023, na yule bibi yangu alivaa kofia yake ya kanisani siku aliyokwenda kununua nyanya kwa miguu yake.

Waliobaki, karibu saba katika kila kumi ni weusi, wengi watu wazima, na wanaujua mji nyumba kwa nyumba. Makanisa yamejaa Jumapili kuliko utakavyodhani. Maktaba ya Safford ya 1884 bado inafunguliwa. Hawa si masalia mwanangu, ni watu, wanafyeka nyasi, wanagombana kwenye kikao cha halmashauri, wanapika samaki Ijumaa.

Sasa nyumba. Usinunue ukiwa Houston ukitegemea mpangaji, hutampata, na nyumba ya matofali isiyo na mtu pale inanyeshewa misimu miwili paa limeingia ndani. Na nyumba tupu nyingine ya mtu wa mbali asiyepokea simu, wale wamezichoka. Kama unasema kweli unataka kazi ya kufanya ukiwa nyumbani na maisha ya taratibu, hapo tunazungumza. Kabla ya pesa kutoka, nenda ofisi ya kaunti ya Alexander, iko hapohapo Cairo, uulize hati ina deni la kodi au haina, upate bei ya bima ya mafuriko kwa maandishi, na umpandishe fundi darini, si kwenye picha. Njoo Oktoba, mvua za masika yao zimepita na mito iko chini. Nina ofu Jumatatu, nitakupeleka mwenyewe, na nitakutambulisha kwa mzee mmoja mtaa huohuo anayejua nani alikaa humo na kwa nini aliuza.

Nitumie ile linki ya tangazo tena, ya mwanzo haifunguki kwenye simu yangu.

Mama yako