Mwanafunzi wangu hatofautishi "ship" na "sheep": je, ana ulimi mzito?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima, jioni. Nina mwanafunzi mmoja, kusoma na kuandika hana shida kabisa, lakini "ship" na "sheep" kwake ni neno moja. Nimemrudisha mpaka nimechoka. Nikimwambia moja ni fupi na jingine refu, anavuta tu "shiiip". Mwenzangu kanishauri asome kwa sauti huku ameng'ata kalamu, kila asubuhi, ili ulimi ulainike. Yeye mwenyewe ameona tangazo la kozi ya kuondoa lafudhi kwa siku 30 na anataka kulipa. Je, ulimi mzito upo kweli? Nimsaidieje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza mpokonye hiyo kalamu.

Hili la "ulimi mzito" naletewa karibu kila wiki, na kila mara linanipandisha mori. Mtu anayesema "nyang'anyang'a" bila kusita hana ulimi mzito. Kasoro ya kweli ya usemi hujitokeza hata katika lugha ambayo mtu amekua nayo, na huyo apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Lakini ikiwa Kiswahili chake kimenyooka, na shida inaanza pale tu anapogeukia Kiingereza, achana na ulimi. Chunguza sikio.

Huwa nawapima walimu kwa neno "paa". Wenyeji wengi wa pwani wakimtaja paa mnyama, hiyo p hutoka na pumzi. Wakitaja paa la nyumba, pumzi haipo. Tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo. Basi nawasikilizisha maneno yote mawili walimu waliokulia bara, wengine wao wanafundisha Kiswahili chenyewe, nao wanaapa kwamba nimetamka kitu kilekile. Hakuna aliyewahi kuwaambia wana ulimi mzito. Maisha yao yote sikio halikuhitaji tofauti ile, likaitupa.

Na hutupwa mapema. Mwaka 1984 wanasaikolojia Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa nyumba zinazozungumza Kiingereza, wakiwa na miezi 6 hadi 8, walitofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitofautisha. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi wao uwezo huo ulikuwa umeshafifia. Mwanafunzi wako ana irabu 5 za Kiswahili. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoanzia sauti moja na kuishia nyingine. Unapomtamkia "ship", sikio lake linaisukumia kwenye i yetu, kwa kuwa hapo ndipo pa karibu. Kwa hiyo anaposema "sheep" mara hamsini, anakuigiza vizuri tu kile alichokisikia.

Sasa nikulaumu kidogo na wewe. Hiyo ya "moja fupi, jingine refu" ndiyo iliyomfundisha kuvuta. Urefu ni dalili dhaifu: irabu ya "beat", ambayo ni ile ya "sheep", hufupishwa na t inayoifuata, ya "bid", ambayo ni ile ya "ship", hurefuka kabla ya d, na mara nyingi zinakaribia kulingana. Kinachozitenganisha ni mahali ulimi ulipo. Irabu ya "sheep" iko jirani kabisa na i yetu, hiyo anayo tayari. Anayoikosa ni ya "ship", na hiyo inakaa kati ya i na e, ulimi umeshuka kidogo na midomo imelegea. Mwambie aseme i, ateleze polepole kuelekea e, asimame njiani. Sasa jiulize kalamu itasaidia nini hapo. Inamzuia kufunga taya na kulegeza midomo, yaani anafanya mazoezi ya mkao ambao hatautumia kamwe.

Lakini kabla hajatamka, asikilize. Chukua jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu: "ship" na "sheep", "live" na "leave", "fill" na "feel". Achezewe neno moja, aseme ni lipi, aambiwe papo hapo kama amepata. Dakika kumi kwa kipindi zinatosha. Sauti ziwe za watu wengi, wanawake kwa wanaume, wala isiwe sauti yako peke yako. Tafiti za miaka ya 1990 kwa Wajapani wanaochanganya r na l za Kiingereza zilionyesha kwamba aliyefunzwa kwa sauti ya mtu mmoja hukwama akikutana na mzungumzaji mgeni, ilhali waliosikiliza wengi huvuka. Tena baada ya mafunzo ya kusikiliza tu, matamshi yao yaliboreka, ingawa hakuna aliyewagusa midomo.

Nakuja kwenye kozi ya siku 30. Wauzaji hawa wanachanganya makusudi kuwa na lafudhi na kutoeleweka. Watafiti wa matamshi Murray Munro na Tracey Derwing walivitenganisha mwaka 1995: wazungumzaji waliohesabiwa kuwa na lafudhi nzito, mara nyingi maneno yao yalinukuliwa neno kwa neno na wasikilizaji. Baraza la Ulaya nalo, ambalo hutoa vigezo vya kupima ujuzi wa lugha, lilipofanyia marekebisho vile vya matamshi mwaka 2018, liliweka mbele kueleweka badala ya kufanana na mzawa. Kinachotuangusha sisi mara nyingi ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hivyohivyo hadi kwenye "photograph", ambalo mkazo wake uko mwanzoni, kisha tunashangaa msikilizaji anakunja uso. Matangazo hayo hayagusi mkazo. Yanauza th, ambayo anayesema "thelathini" na "dhahabu" sawasawa anayo bure.

Na biashara hii ikiachwa haina mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyombo vya habari viliripoti wazazi wa Korea Kusini waliowapeleka watoto wao kukatwa kikanda kilicho chini ya ulimi ili watamke r ya Kiingereza. Kisu kwenye kinywa cha mtoto, wakati Wakorea waliozaliwa Marekani wanatamka r hiyo kwa ndimi zilezile.

Kama mwanafunzi wako hajalipa, asilipe. Akishikilia, amwombe muuzaji jambo moja: amwonyeshe kwa kidole mahali ulimi unapokaa kwenye irabu ya "ship". Muuzaji akianza kuzungumzia kujiamini, mwanafunzi wako aondoke.