Kabla Hujanunua Amplifaya ya Valvu ya Besi

Wapiga gitaa la besi wachanga wanaonifuata wakitaka sauti ya roki ya miaka ya 1960 na 1970 huanza kwa kufungua nobu ya besi (sauti za chini) kwenye amplifaya hadi mwisho. Nami nilianza hivyo hivyo. Nikiwa peke yangu chumbani niliona nimefika. Ngoma na gitaa zilipoingia, ulibaki mtetemo tu sakafuni, noti hazijulikani.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba sauti ile inakaa kwenye sauti za kati, si za chini. Uzi wa E, ule mnene kabisa, ukipigwa wazi hutetema kwa hezi 41 hivi (mara 41 kwa sekunde), na spika za zama zile hazikuubeba vizuri mtetemo wa chini namna hiyo. Sikio huitambua noti kwa mitetemo iliyo juu yake, kuanzia hezi 82 na kuendelea. Boksi kubwa la Ampeg, kampuni ya amplifaya ya Marekani, lina spika nane za inchi kumi, limezibwa nyuma, na sauti za chini kabisa linaziacha. Ndiyo maana linakugonga kifuani bila kuwameza wenzako. Lemmy wa Motörhead, aliyepigia gitaa la besi la Rickenbacker kwenye amplifaya ya Marshall, alizima nobu ya besi na kufungua sauti za kati zote. Jaribu hilo leo kwa amplifaya yoyote uliyonayo, kabla hujatoa hata senti.

Kisha angalia nyuzi. Mwaka 1966 John Entwistle wa The Who alishirikiana na Rotosound, watengeneza nyuzi, kutengeneza nyuzi za mzingo wa mviringo (zilizozungushiwa waya wa duara), zinazolia kama piano. Kabla ya hapo wengi walitumia nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya bapa), zenye sauti nzito na fupi. Seti moja ya nyuzi itabadilisha sauti yako kuliko amplifaya utakayoiwekea akiba mwaka mzima. Nasema hivi nikiwa mtu ninayezipenda valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya, kwa moyo wote.

Ukishafika kwenye valvu, jina utakalolisikia kila mahali ni Ampeg SVT ya mwaka 1969: wati 300, valvu 14, kichwa (amplifaya bila boksi la spika) peke yake kama kilo 40. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huo huo. Valvu ikisukumwa sana haikatiki ghafla. Sauti inaanza kubana, halafu inakwaruza taratibu, na mkono wako unaisikia tofauti hiyo. Lakini kwa wati 300 hutaufikia mkwaruzo huo ukumbini bila kuwaumiza watu masikio. Anza na ndogo. Ampeg B-15 ya mwaka 1960, spika moja ya inchi kumi na tano na wati kati ya 25 na 30, inatosha kabisa studio. Tena si kila sauti kubwa ya enzi zile ilitoka kwenye valvu: John Paul Jones wa Led Zeppelin alitumia amplifaya ya Acoustic 360, nayo ni ya transista, haina valvu.

Sasa mambo ya umeme, na hapa naomba unisikilize vizuri. Amplifaya ya soko la Marekani inataka volti 120. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 230 au 240 unaiua siku hiyo hiyo. Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Kwa SVT isipungue wati 1000. Waya wa plagi ukiwa na miguu miwili tu, fundi aweke wa tatu wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kabla hujagusa nyuzi za gitaa.

Usiiwashe kamwe bila spika. Mimi niliwasha moja huku waya wa spika umechomoka nyuma, nikadhani haitoi sauti kwa sababu nobu iko chini, nikaongeza. Transfoma ya kutolea sauti, ile inayounganisha valvu na spika, iliungua. Kuisuka upya kulinigharimu miezi ya kusubiri, na sauti haikurudi ile ile.

Na usifungue kifuniko eti kwa kuwa umechomoa plagi. Ndani ya SVT kuna karibu volti 700, na kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki nao baada ya kuzima. Fundi huutoa kwanza kupitia rezista, kifaa kinachozuia umeme usitoke kwa kishindo, anapima kwa mita, ndipo anaingiza mkono. Ukimwona anaruka hatua hiyo, chukua amplifaya yako uondoke nayo.