Kwotabeki wa Akiba Akiondoka, Tazama Mazoezi Kwanza

Nilipokuwa nikisoma Marekani nilitunza vifaa vya timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu kwa misimu miwili. Kazi yangu ilikuwa kubeba mipira, kujaza chupa za maji na kufua jezi, na ni huko pembeni mwa uwanja nilikojifunza kwamba kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa akiba, ambaye mashabiki wengi hawamtambui hata kwa sura, anaweza kuitikisa timu kwa kuondoka tu.

Wa kwetu aliondoka mwezi wa Aprili. Asubuhi nilikuta kabati lake limeachwa wazi na utepe wenye jina lake umebanduliwa nusu. Kwotabeki wa kwanza hakuficha furaha yake, lakini hazikupita wiki mbili kabla sijaona mabadiliko: yeye aliyezoea kufika wa kwanza kutazama video za mazoezi sasa aliingia taa zikiwa zimeshazimwa. Kwotabeki aliyekuwa wa tatu, naye, alipandishwa ghafla kuwa wa akiba. Kwa mwaka mzima alikuwa amesimama na karatasi za mbinu mkononi, akipata mizunguko miwili mitatu ya mazoezi kwa siku, kwa hiyo hata kupokea mpira kutoka kwa senta, mchezaji anayeanzisha kila mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira kupitia katikati ya miguu, kulimpa taabu, na alasiri moja niliokota mipira minne iliyomponyoka.

Makocha wangemtayarisha mapema, isingefika huko. Mwaka 2018 pale Chuo Kikuu cha Clemson, Kelly Bryant, aliyekuwa kwotabeki wa kwanza msimu uliotangulia, aliihama timu baada ya nafasi yake kupewa Trevor Lawrence. Wiki hiyohiyo, katika mechi dhidi ya chuo cha Syracuse, Lawrence aliumia kabla ya mapumziko, na aliyeingia alikuwa Chase Brice, kijana ambaye siku chache kabla alikuwa wa tatu. Zikiwa zimebaki dakika chache, huku wakiwa nyuma, aliiongoza timu kuvuka yadi 94, karibu uwanja mzima, hadi kufunga, wakashinda 27 kwa 23, kisha wakamaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja na kutwaa ubingwa wa taifa. Sidhani kama hiyo ilikuwa bahati tupu. Mtu asiyezoea kuusoma ulinzi wa wapinzani havuki yadi 94 kwa bahati.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa makocha: mgawieni wa tatu mizunguko ya kweli, pamoja na wachezaji wa kikosi cha kwanza, kabla hamjamhitaji. Kumbembeleza wa pili asiondoke hakufai tena kuwa mpango, kwa sababu tangu 2024 mchezaji mwenye maendeleo mazuri darasani anaweza kuhama chuo mara nyingi apendavyo bila kukaa nje msimu mzima. Anayeondoka simlaumu hata kidogo. Kwotabeki Joe Burrow asingetoka chuo cha Ohio State kwenda kile cha LSU, pengine tusingeuona ule msimu wa 2019 alioiongoza LSU kutwaa ubingwa wa taifa. Namwomba tu amwambie kocha ana kwa ana, wala asisubiri wenzake wazisome habari hizo kwenye simu.

Wewe uliyebaki na kupandishwa, usianze kwa kuonyesha mkono wenye nguvu. Anza na senta. Kijana wetu aliniomba nimwachie mipira sita kila jioni, akabaki na senta wa kikosi cha pili kwa dakika 20 baada ya wengine kwenda kuoga, wakirudia jambo moja tu, kupokea na kurudi nyuma hatua tatu, huku mimi nikisubiri kufunga stoo na, nakiri, nikinung'unika kimoyomoyo. Kufikia Agosti kwotabeki wa kwanza alikuwa amerudia kuwahi chumba cha video, na mimi nilikuwa nafunga stoo bila kuwa na mpira wa kuokota.