Jibu: Vipimo vya ardhi kudidimia vimerukwa, barua ya mkaguzi imeshafika

Waalaykumussalaam ndugu yangu wa Chake. Nimekuelewa: ukiwa Pemba unawachakatia vipimo wenye mgodi wa makaa ya mawe Marekani, raundi mbili za kupima ardhi inavyodidimia zimerukwa, barua imekuja, na bosi anataka uzijaze kwa kukisia.

Usijaze, tafadhali. Nimeifanya kazi hiyo huko kabla ya kurudi Unguja. Sheria yao ya 1977 ya uchimbaji wa makaa ya mawe inahesabu kuandika rekodi ya uongo kwa makusudi kuwa jinai: faini hadi dola 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuruka kipimo kwa kawaida huishia kwenye faini ya kiutawala, isiyo ya jinai.

Sasa angalia barua: ni notisi ya ukiukaji au amri ya kusimamisha kazi? Tafuta tarehe ya mwisho ya kurekebisha, ambayo kwa kawaida haizidi siku 90. Hiyo ndiyo ya kuogopwa, maana ikipita faini huhesabiwa kwa siku. Faini ya awali hupimwa kwa historia ya mgodi, uzito wa kosa, uzembe, na bidii ya kurekebisha. Kwa hiyo wapimaji warudi uwanjani upesi, wasome kila kigingi cha kupimia ardhi, khasa vya karibu na nyumba na mabomba ya maji. Kilichong'oka kiandikwe kimeng'oka. Kwenye jedwali acha pengo wazi, sababu uiandike pembeni.

Viwango hutofautiana kwa jimbo, basi muulizeni mkaguzi aliyesaini barua. Na hilo agizo la bosi, mwombe akuandikie.