Jibu: Kwa nini gari likinasa jukwaani tunacheka

Ndugu, umeuliza kwa nini ukumbi wa hapa Moshi uliangua kicheko mchekeshaji alipoigiza tajiri anayerudi Marangu kwa Krismasi na gari lake jipya likanasa matopeni, ilhali jambo hilo likitokea kweli hakuna anayecheka. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika karne ya 17, angesema kwamba tunajiona ghafla kuwa bora kuliko tajiri yule. Maelezo hayo naona hayatoshi, kwani hata wenye magari ya namna hiyo hucheka. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alikaribia zaidi mwaka 1790 alipoeleza kwamba kicheko huzuka matarajio yaliyopandishwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu: mbwembwe zote zile, kisha tope. Swali lako hasa, hata hivyo, linajibiwa na watafiti wa kicheko Peter McGraw na Caleb Warren, waliopendekeza mwaka 2010 kwamba tunacheka pale kawaida inapovunjwa na papo hapo tukatambua kuwa hakuna anayedhurika. Jukwaani hakuna hasara; barabarani kuna watoto ndani ya gari na usiku unaingia, kwa hiyo watu husukuma kwanza, wakacheka baadaye, wakishaketi kunywa mbege, pombe ya ndizi.